Kopo Hana Watoto

Kwa Kaka yangu,

Pokea salamu kabla ya mengine, maana mengine si matamu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, kikohozi cha yule mdogo kimeisha, na baridi ya huko imepunguza makali. Wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka, hata kama sura yangu hawaijui. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Salamu zimetosha. Nimezitoa kwa sababu Mama alitufundisha kwamba hata mtu unayetaka kugombana naye umsalimie kwanza.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara nne, na kila nikifika mahali pale pale nashindwa kupita. Umeandika kwamba ulikuwa na wenzako kwenye bwalo la kazini, televisheni inawaka, ukamwona Mama katika Taja Tukupe amevaa suti ya kung'aa akiongea na roboti. Umeandika kwamba alikuvunja mbavu, na kwamba ulisimama ukawaambia watu wote kwa fahari kuwa yule ni mama yako mzazi. Ukamalizia kwamba Mama mwenyewe alikuwa akicheka, kwa hiyo nimpe hongera kwa niaba yako.

Kaka, ulicheka nini?

Sikuulizi kwa utani. Mama alipolazwa wiki mbili hukuandika. Ulipoondoka ulisema miaka miwili, huu ni wa sita, na barua zako nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini Mama alipotokea kwenye televisheni, kalamu ukaiona. Nina hasira na wewe, na nina hasira na watu wengine pia, na ukisoma mpaka mwisho utajua nani anaongoza orodha. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, kwa hiyo nitakuambia.

Unakumbuka Kopo? Najua unamkumbuka, ulikuwa ukimwigiza shuleni kutwa nzima. Baba alikuwa fundi sauti wa kile kipindi cha safari za angani, Chombo cha Kumi, tangu kilipoanza, siku za ile meli ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha ikazunguka kati ya nyota za balbu. Siku ambayo mwigizaji wa kumsemea Kopo, roboti wa meli, hakutokea, wakamwomba Baba aseme yeye kwa siku moja tu. Siku moja ikawa miaka kumi na moja. Watoto wa mtaa wakawa wanamfuata njiani wakimwomba aseme "Amri imepokelewa," naye anawajibu kwa sauti yake ya kawaida kwamba Kopo yuko kazini, huyu ni baba wa watu anarudi nyumbani.

Sauti iliyotoka hewani haikuwa yake, ilikuwa ya chuma. Alikuwa akisema kwanza kwa sauti yake kwenye kanda, halafu kanda hiyo wakaipitisha kwenye mashine ya kuikwaruza, ndipo Kopo akapatikana. Zile kanda za mwanzo, zenye sauti safi, zilibaki maktaba ya kituo. Sisi nyumbani hatuna hata moja. Mtu aliyerekodi dunia nzima hakuwahi kujirekodi mezani kwake. Kinyozi hajinyoi, Kaka, na sisi ndio nywele alizoziacha.

Mwaka jana Mama aliniambia jambo akiwa anakunja nguo, wala hakuniangalia. Alisema ameanza kuisahau sauti ya Baba. Sura anaiona, mwendo anauona, hata harufu ya koti anaikumbuka, lakini akijaribu kumsikia anamsikia Kopo. Akaniuliza, kwa kuwa mimi nafanya kazi jengo lile lile, kama siwezi kuomba asikilizishwe kanda moja, dakika tano tu, kisha asiwasumbue tena. Nikamwambia nitaangalia. Baada ya miezi mitatu akaniuliza tena. Nikamwambia nitaangalia.

Unajua "nitaangalia" ya ofisini ina maana gani. Mama naye alijua, ndiyo maana hakuniuliza mara ya tatu.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu nyote mnafikiri nakaa na watu mashuhuri. Nakaa na mifuko ya barua. Taja Tukupe hupokea barua za watu wanaotaja wanachokitamani: mmoja anataka kuendesha treni, mwingine anataka kupika na mpishi wa hoteli, mwingine anamtafuta rafiki aliyepotezana naye. Sisi wasomaji tuko watatu katika chumba kisicho na dirisha. Kila barua, hata iwe na kurasa kumi na machozi juu yake, tunaifupisha kwenye kadi, maneno yasizidi kumi. Kadi ndiyo inayopanda kwa mtayarishaji. Barua yenyewe hashuki kuisoma. Husema kwamba ombi lisiloenea kwenye kadi haliwezi kuenea kwenye televisheni.

Mwaka huu wakuu waliamua Taja Tukupe na Chombo cha Kumi vifanye toleo moja la pamoja. Chombo kimerudi upya, kina nahodha kijana mwenye meno mazuri, na watazamaji ni wachache. Taja Tukupe ina watazamaji mpaka wa kumwaga. Kwa hiyo ikatafutwa barua ya mtu mwenye ombi linaloweza kumwingiza ndani ya meli. Tukaambiwa tuchague haraka.

Mama akachaguliwa. Siku ya kurekodi alikuja na gauni lake la bluu alilolipiga pasi mara mbili, na ndani ya mkoba ana miwani ya Baba. Nilipomuuliza ya nini, akasema akisikia sauti anataka awe na kitu cha kushika. Wakamvua gauni. Wakamvalisha suti ya kung'aa yenye mabomba ya plastiki mgongoni, na kofia yenye antena mbili zinazocheza akitikisa kichwa. Mama yetu, Kaka, ambaye hatoki kwenda dukani bila kujitazama kwenye kioo. Aliwauliza kwa adabu kama ni lazima. Msichana wa mavazi akamwambia ni lazima, bibi, angani hakuna hewa. Mama akasema sawa.

Wakamsimamisha kwenye alama ya utepe wa manjano. Mtangazaji, yule tunayemwita Mtimizaji, akawaambia watazamaji ukumbini kwamba bibi huyu ndoto yake ya maisha ni kupiga soga na Kopo. Makofi. Mlango wa meli ukafunguka kwa moshi, na Kopo akatoka. Mwili ni ule ule wa zamani, hata sikio lake bado limefungwa waya aliofunga Baba. Sauti ni ya mchekeshaji mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya ubao na kipaza sauti.

Hapo ndipo wewe na wenzako mlipoanza kushika mbavu. Mama alilitazama lile sikio la waya. Akasogea, akatoka kwenye utepe, akaliambia lile bati kwa sauti ya chini: "Baba watoto, umeshindaje?"

Mchekeshaji akajibu kwamba Kopo hana watoto, Kopo ana betri.

Ukumbi mzima ulilipuka. Mama akangoja watulie, kama anavyongoja siku zote watu wamalize. Kisha akaliomba liseme lile neno Baba alilokuwa akilisema akifika mlangoni. Hakulitaja ni neno gani. Alitaka litoke lenyewe. Mchekeshaji akasema, "Nichajini, nakufa!" na Kopo akaangushwa chali, miguu juu. Nahodha wa meno mazuri akaja akipiga saluti. Mama akacheka.

Umeandika kwamba Mama mwenyewe alicheka. Kaka, kicheko kile hukukitambua? Ndicho alichocheka siku ya msiba, yule jirani alipomwaga sinia zima la vikombe mbele za wageni akataka ardhi immeze. Mama hucheka hivyo ili mwenye kukosa asiaibike. Aliwastiri. Wao wamemvika antena, na yeye ndiye aliyewastiri. Uso umeumbwa na haya, lakini mle ukumbini uso wenye haya ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa chini ya kofia.

Wakampa cheti cha ubaharia wa heshima na kijikopo cha plastiki ambacho ukikibonyeza tumbo kinasema "Amri imepokelewa" kwa sauti ya yule mchekeshaji. Kipo juu ya kabati sebuleni. Mama amekigeuza uso kikatazama ukuta.

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, akaniuliza ile kanda wameiweka kwa lini. Hapo nikaelewa. Alidhani ile yote ilikuwa utangulizi. Alidhani ukimstahimilia mtu mchezo wake, mwisho atakupa ulichokiomba, na mtayarishaji wakati wa kuagana alimwambia mengine tutakuletea. Aliyasema kama watu wanavyosema tutaonana. Mama ameyashika kama hati. Kila siku saa kumi alasiri, wakati Baba alipokuwa akirudi, anakaa karibu na mlango na miwani mkononi. Pikipiki ikipita anainua kichwa.

Nilikwenda kwa mtayarishaji. Sikubisha hodi. Nilimwambia kwamba amemdhalilisha mjane wa mtu aliyelijenga jina la kituo hiki, kwamba hakumpa alichokiomba, na kwamba namtaka aje nyumbani amwombe radhi ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mpole, na upole wake ulinichoma zaidi. Akasema hakujua kwamba ni mjane wa fundi yule, wala kwamba ni mama yangu, na kama angejua angelikataa ombi hilo, kwa kuwa jamaa za wafanyakazi hawaruhusiwi. Halafu akafungua droo, akatoa kadi, akaniwekea mezani. Imeandikwa: Bibi mjane anatamani kuongea na Kopo wa Chombo cha Kumi. Akaniuliza kwa upole ule ule ni kipi kati ya hicho ambacho hakikutimizwa.

Mwandiko ni wangu, Kaka.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Barua ya Mama niliifungua mimi. Alitumia jina la babu na anwani ya jirani ili asiniharibie kazi, lakini mwandiko wa mtu aliyekufundisha kuandika utausahau vipi? Kurasa tatu. Aliandika kwamba hataki kuonekana, hataki zawadi, anataka kusikia sauti ya mumewe kama ilivyokuwa nyumbani. Alieleza na ile mashine ya kukwaruza, ili wasije wakampa Kopo. Aliwaonya! Na mimi nikajua kwamba kadi inayosema ukweli itaishia kwenye sanduku la yasiyowezekana, kwa sababu hakuna kinachoonekana kwenye televisheni hapo, bibi tu na spika. Nikajua pia wanatafuta mtu wa kuingia kwenye meli. Nikajiambia nimwingize kwanza ndani ya jengo, hayo mengine nitayapanga mwenyewe. Nikapunguza kurasa tatu zikawa maneno kumi, na sauti ya Baba haikuwa mojawapo.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Sikuishia hapo.

Mzee wa Kanda, yule rafiki yake Baba anayetunza maktaba, aliniambia kwamba kanda za sauti safi zimebaki moja. Nyingine zote zilifutwa kwa kurekodiwa mambo mengine juu yake, miaka ile kanda zilipokuwa adimu. Hiyo moja ipo kwenye boksi lenye mwandiko wa Baba, na imefungwa kamba nyekundu. Kamba nyekundu ni kanuni ya studio: boksi lenye kamba haliguswi, lisilo na kamba ni la kutumia, yeyote achukue arekodi. Kanuni hiyo unajua aliiweka nani? Baba. Mafundi wote wa pale amewafundisha yeye.

Asubuhi ya kurekodi nilimbembeleza Mzee wa Kanda akanipa. Nia yangu ilikuwa niiweke pale studio, na Mama akimaliza mambo ya roboti nimwombe Mtimizaji aipige mbele ya watu wote. Nilijiona nimewazidi akili. Lakini boksi lenye kamba halipiti kwa mlinzi wa maktaba bila sahihi ya mkuu, na mkuu angeniuliza ya nini. Basi nikaifungua ile kamba. Nikaitia mfukoni. Nikapita, nikaliweka boksi juu ya meza ya fundi sauti, yeye akiwa nyuma anafunga nyaya, nikaenda kumshika Mama mkono nimpeleke kwenye alama yake. Kamba ilibaki mfukoni mwangu.

Kipindi kilirefuka kuliko kilivyopangwa. Kilirefuka kwa sababu ya vicheko. Mama alipoliuliza lile bati umeshindaje, kanda iliyokuwa ikirekodi ilikuwa inakaribia kuisha, na fundi akanyoosha mkono, akashika boksi lililo karibu, lisilo na kamba, akaibadilisha kama Baba alivyomfundisha, bila kupoteza hata pumzi.

Umeelewa? Kile kicheko kilichokufikia huko bwaloni, cha ukumbi mzima, kimelala juu ya sauti ya Baba. Ili wewe ucheke, ilibidi yeye afutwe. Na aliyemfuta hakuwa mtayarishaji, wala mchekeshaji, wala fundi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyeifungua kamba. Nimekutukana kurasa hizi zote kwa sababu wewe ulicheka, na ni haki yako kutukanwa, lakini orodha ya hasira niliyokuahidi, jina la juu kabisa ni langu.

Fundi aligundua alipokuwa akifunga vifaa, alipousoma mwandiko kwenye boksi. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuja chumba chetu cha barua akalia mlangoni, akaniomba msamaha, na mimi, Kaka, siku ile nilimwacha aniombe. Kesho yake ndipo nilipomwonyesha kamba.

Alinipeleka kwenye mashine yake tukaisikiliza kanda mpaka mwisho, kwa sababu alisema mara nyingine mkia hubaki. Tukasikia betri. Tukasikia nichajini nakufa, makofi, Mtimizaji anaaga. Halafu kimya kidogo, halafu mgurumo wa kanda kuukuu, halafu Baba.

Si zaidi ya muda wa kuvaa kiatu kimoja. Anakohoa kile kikohozi chake, anauliza kama wameshapata wanachotaka. Kisha anasema: "Haya, zima hiyo. Kuna watu wananingoja nyumbani."

Hiyo ndiyo yote iliyobaki duniani. Kanda ninayo, iko kabatini mwangu chini ya shuka, na nimeifunga kamba yake. Kituo bado hakijui kwamba ninayo, na kikijua kinifukuze. Mama hajui lolote. Nimekuandikia wewe kwanza kwa kuwa mimi ni mwoga, na kwa kuwa jambo hili likikaa kifuani mwangu wiki nyingine litanitoboa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu fundi ataleta mashine nyumbani, saa kumi alasiri. Nitamwambia Mama kila kitu kabla haijapigwa, kuhusu "nitaangalia" zote mbili, kadi na kamba. Ninaogopa sana kwamba akimaliza kunisikiliza atacheka kile kicheko chake, ili nisiaibike. Nataka anipige. Nataka angalau mara moja akasirike kama ninavyokasirika mimi.

Njoo, Kaka. Usiandike, njoo. Hongera zako sikumfikishia na sitamfikishia. Kama una neno la kumwambia, lilete kwa mdomo wako, maana tangu sauti yako iwe nzito watu walikuwa wakikupigia simu wakidhani ni Baba, na mtu mwenye sauti hiyo hana ruhusa ya kumtumia mama yake karatasi. Ufike kabla ya saa kumi. Yeye atakuwa amekaa pale pale karibu na mlango.

Wifi msalimie sana, watoto wabusu mmoja mmoja kwa ajili yangu. Mzee wa Kanda anakusalimu, anauliza kama bado unakumbuka kumwigiza Kopo. Nimemwambia umeacha. Usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako, niliye na hasira na ninayekungoja,

Kipaza
(jina alilonipa Baba, na hakuna anayeniita tena)